Vidonge Nilivyokunyang'anya

Mama,

Shikamoo. Najua hutaitikia, na hata kama ungeweza, sijui kama ningestahili hiyo marahaba yako. Nimekaa kwenye kiti cha plastiki hapa uani kwangu Nkuhungu, Jumapili mchana. Mume wangu Elia ameenda kwenye kikao cha harusi ya rafiki yake na mimi nimesingizia kuumwa kichwa. Kichwa hakiumi. Kinachouma ni shingo, mama. Shingo, bega la kulia, halafu mkono mzima mpaka kwenye kidole gumba. Njia hiyo unaijua, maana uliwahi kunionyesha kwa kidole chako ukiifuata polepole juu ya mkono wako, na mimi nikakuambia, "Mama, uzee huo."

Ulikuwa na miaka hamsini na mbili. Uzee gani?

Ulikuwa unasema ni umeme. Unasema kuna mtu anawasha swichi hapa nyuma ya shingo, na moto unashuka mpaka vidoleni, halafu vidole vinakufa ganzi, kikombe kinakuponyoka. Nilikuwa nakusikiliza huku nachezea simu. Ukiitwa ulikuwa unageuka mwili mzima, miguu, kiuno, mabega, ndipo uso unafika, na sisi wanao tulikuwa tunacheka tunasema mama anageuka kama lori. Aliyebuni huo utani ni mimi. Siku hizi kule ofisini Mtumba mtu akiniita kutoka nyuma nageuka na kiti changu chote, na vijana wa masijala wananiuliza, "Vipi dada Seche, umekuwa roboti?" Nacheka nao. Nitafanyaje?

Sikuandikii kukuambia kwamba naumwa. Nakuandikia kwa sababu Jumamosi ijayo tunakuja Kibakwe kusimika msalaba juu ya kaburi lako, ukoo wote utakuwepo, na kuna jambo ambalo watu wote wanalijua vibaya. Anayelijua vizuri ni mimi, na nimenyamaza mwaka mzima. Kabla sijalisema kwao nataka nikuambie wewe, ingawa wewe huhitaji kuambiwa. Ulikuwepo.

Nianzie ulipokuja hapa mjini kwa matibabu. Nilikuwa bado nimepanga chumba kimoja, sijaolewa. Ulishuka na ndoo ya maharage ya nyumbani na yule kuku mwekundu aliyenya chumba kizima, na huku nje unajikaza kwa majirani, mlango ukishafungwa unakaa kitandani umeshika shingo kwa mikono miwili. Ulilala umekaa, umeegemea ukuta, siku tatu mfululizo. Ya nne nikaomba ruhusa kazini nikakupeleka hospitali, na nikuambie ukweli wa Mungu, sikukupeleka kwa huruma. Nilichoka kusikia unavyoguna.

Yule daktari alikuwa binti mdogo kuliko mimi. Alikugonga kwa kile kinyundo chake cha mpira, akakuambia ukunje ngumi, akatazama picha ya eksirei, akauliza umefanya kazi gani maishani. Ukasema, "Kubeba." Hukuongeza neno. Nikakusaidia kueleza kwamba unanunua maharage vijiji vya juu milimani, unayateremsha mnadani kwa kichwa, ngata na gunia, tangu sijazaliwa, na ndivyo ulivyotusomesha baada ya baba kututoka. Akasema pingili za shingo zimesagika na zinabana mshipa wa fahamu. Akasema haitaondoka yote, lakini unaweza kuishi nayo vizuri kama hutabeba tena, kama utafanya mazoezi aliyokuonyesha, na kama utameza vidonge vyako kila siku bila kuruka. Halafu akanigeukia mimi, msomi, akaniambia maneno ninayoyakumbuka yote: "Dawa hii tunaitumia sana kwa wagonjwa wa kifafa. Msishtuke, mama hana kifafa. Mishipa yake imechokozeka, na hii inaituliza. Asiache ghafla, na asiongeze mwenyewe."

Wiki ya kwanza ulilalamika kizunguzungu na mdomo mkavu. Ya pili ukalala chali. Nilirudi kazini nikakukuta umelala chali katikati ya mchana, mdomo wazi, unakoroma, na mimi nikasimama mlangoni nikidhani umekufa. Wiki ya tatu ulisuka nywele zako mwenyewe, mikono juu, tena mistari imenyooka. Ukasema, "Seche, hivi watu wasioumwa huwa wanajisikia hivi kila siku? Na bado wananuna?"

Hapo ndipo Elia aliposema shangazi yake anakuja kuniona.

Unajua mambo yetu. Kwetu hawaposi binti peke yake, wanaposa na ukoo. Barua ya posa ikishapokelewa wanatuma mtu mzima mwenye macho, anakuja kusalimia tu, anakunywa chai, anaangalia choo kama kisafi, na anauliza taratibu: huko kwao kuna wizi? Kuna uchawi? Kuna kifafa? Kifafa wanakiogopa kuliko vyote hivyo, wanasema kinarithiwa, wanasema ukioa huko umewaolea wajukuu zako. Na shangazi yake Elia aligawa dawa kwenye zahanati miaka yake yote ya kazi. Kidonge alikuwa anakijua kwa rangi, huhitaji hata kumsomea jina. Chumba chenyewe kimoja. Ningevificha wapi?

Ningevificha popote, mama. Ningevipeleka ofisini, ningevipeleka kwa jirani, ningevishona kwenye mto. Nimeyafikiria maficho mia moja tangu ufe. Siku ile sikufikiria hata moja. Niliichukua ile bahasha ya dawa nikaenda nayo chooni, nikavimimina vyote, nikafuatisha ndoo ya maji. Niliporudi ulikuwa umekaa pale pale. Nilikuambia, "Hizi dawa basi. Hutakunywa tena. Wewe unataka nikose mume kwa ajili ya shingo?"

Nilisema hivyo. Kwa ajili ya shingo.

Ukanitazama, ukasema, "Kama ni kwa ajili ya ndoa yako, hewala." Halafu ukauliza kama maji ya chai yamechemka.

Shangazi mtu alipokuja ulikaa kwenye kigoda, umenyooka, khanga mpya, umejitahidi. Ilikuwa siku ya pili bila dawa na jasho lilikuwa linakutoka juu ya mdomo. Akauliza, "Shingo imefanyaje, mama?" Nikawahi kujibu mimi: "Amelalia vibaya, shangazi." Ukaniunga mkono kwa macho, kwa sababu shingo yenyewe haikukubali. Aliondoka amefurahi. Alisema mama mkwe ni mtu mtaratibu, hana maneno mengi.

Ulirudi Kibakwe. Nikawa nakupigia simu Jumapili kwa Jumapili. "Naendelea vizuri, mwanangu." Vizuri gani? Ulikuwa unameza vidonge vya maumivu vya dukani, diklofenaki, viwili asubuhi, viwili jioni, na siku za mnada unaongeza, mara nyingine juu ya chai ya rangi tupu. Nilijua. Nilisikia vikikwaruza kwenye karatasi yake wakati unaongea. Na nilijua bado unabeba. Siku ya harusi yangu ulicheza kwa mabega, mama, ngoma ya Kigogo hasa, mabega yakatetemeka mpaka wakwe wakasimama kwenye viti kukutazama, watu wakapiga vigelegele. Nilijua pia kwamba ulimeza vinne nyuma ya jiko ndipo ukaingia uwanjani. Nilikuona. Nikageuza uso nipigwe picha.

Na sikukuambia urudie dawa. Hilo ndilo linalonitafuna kuliko choo na ndoo ya maji. Kumwaga nilimwaga kwa hofu, siku moja, naweza kusema nilipagawa. Lakini harusi ikapita. Ukaniuliza kwa simu, kwa aibu, kama mtu anayeomba chumvi, "Sasa si naweza kwenda tena kwa yule daktari?" Nikakujibu, "Subiri kwanza, mama, nishike mimba. Nikishazaa hawawezi kunirudisha." Ukasema haya. Sijashika mimba mpaka leo.

Miezi mitatu baadaye ukatapika damu. Nilikuja kujua kwamba choo chako kilikuwa cheusi kama lami wiki nzima na hukumwambia mtu. Walikupakia kwenye gari la maharage kwenda Mpwapwa, hukufika ukiwa hai. Pale hospitali walipokupokea maiti, nilipowasili kutoka mjini, mganga wa zamu akaniuliza, "Alikuwa anatumia dawa za maumivu kwa muda mrefu? Huwa zinachimba tumbo." Nikasema sijui. Mama, nilisema sijui, na akaandika anavyojua yeye, na tukakubeba kukurudisha.

Haya, sasa sikiliza kilichotokea msibani, maana wakati huo wewe ulikuwa umelazwa ndani na sisi tumekaa nje.

Rafiki yako Mama Yeremia ndiye aliyekuogesha na wenzake. Ndiye uliyepanda naye milimani miaka yote, yeye anakutwika, wewe unamtwika. Ndiye aliyekuwa anakuchua shingo kwa mafuta ya ufuta kila mkirudi mnadani. Basi siku ya pili ya msiba wakaanza. Kwanza wanawake kwenye mafiga, halafu wanaume. Kwamba mtu hafi kwa kutapika damu hivi hivi. Kwamba shingo ilianza kukakamaa yeye alipoanza kuichua. Kwamba mkono uliokuwa unamchua ndio uliomfunga. Nilikuwa nimejifunika khanga, nimelala mkekani, wakidhani nimesinzia. Nilisikia kila neno. Na unajua nilifanya nini? Nilishusha pumzi. Ndiyo. Nilifarijika, kwa sababu kama ni yeye, basi si mimi. Halafu nikalia kwa sauti na watu wakaja kunishika.

Sijui kama kuna msamaha kwa mtu wa namna hiyo. Kama upo, wewe usinipe haraka.

Nikarudi mjini. Nikaendelea na kazi, na kupika, na kumsalimia mama mkwe kwa simu. Mwezi wa sita tangu ufe, niko masijala nainua majalada kutoka rafu ya chini, swichi ikawashwa. Hapa hapa nyuma. Majalada yakaanguka yote, na mimi nikakaa sakafuni nimeshika shingo kwa mikono miwili, na wa kwanza kumfikiria ni wewe kitandani kwangu unaguna.

Kila mtu ana dawa yake, mama. Bosi anasema maji, kunywa maji. Dada wa mapokezi anasema nimerogwa na mtu anayetaka kiti changu. Kiti chenyewe hiki kinachoniua. Mchungaji akaniwekea mikono, na mikono yake mizito ikanishushia umeme mpaka kwenye kiuno. Jirani akaleta jani la kuchemsha linalonuka miguu. Nilijaribu vyote isipokuwa kile nilichokijua. Nilikuwa naogopa kwenda kwa daktari nikaandikiwa kile kidonge. Nilivumilia miezi miwili, nalala nimekaa, naegemea ukuta, nalia usiku bila sauti Elia asiamke, ndipo nikaenda. Hospitali nyingine, daktari mwingine, mzee wa mvi. Akanigonga kwa kinyundo. Akaniandikia kile kile.

Inafanya kazi, mama.

Siku ya kumi na mbili niliosha nywele kwa mikono miwili. Nilikaa bafuni nikalia mpaka povu likaniingia machoni. Ile dawa inafanya kazi. Haiondoi yote, asubuhi za baridi bado nasikia bega linavyonung'unika, na nikikaa vibaya napata jibu langu. Lakini naishi nayo. Nimeinua kompyuta juu ya marimu mawili ya karatasi ili nisiinamishe shingo. Simu siibani tena kati ya sikio na bega. Nalalia taulo lililokunjwa badala ya ule mto wa sufi. Kila saa nasimama, narudisha kidevu nyuma kama mtu aliyetukanwa, nahesabu kumi, nashusha mabega. Ni yale yale mazoezi yako, uliyokuwa unayafanya ukutani na mimi nakuambia umezidi vituko. Na vidonge nameza kila siku baada ya chakula. Navificha ofisini, kwenye jalada la mtumishi aliyestaafu ambalo hakuna atakayeliomba. Kumbe maficho yapo. Yalikuwepo siku zote.

Ningeendelea hivyo hivyo, mwoga wako, kama mjomba Lazaro asingepiga simu.

Alipiga wiki iliyopita kupanga mambo ya msalaba: nani analeta saruji, nani analeta mbuzi. Halafu akashusha sauti, akasema, "Na yule mwanamke hatakanyaga hapo. Vijana wameshamwambia, shughuli imkute ameshahama. Akikaidi, wasije wakanilaumu." Nikauliza mwanamke yupi, na huku najua. Kumbe mwaka mzima, mama, mimi nikiwa huku najiosha nywele, Mama Yeremia hapewi moto wala chumvi. Akifika bombani wanawake wanaondoa ndoo zao. Mnadani maharage yake hayanunuliwi. Mtu wa umri ule, na safari hii hawamsengenyi tu, wanataka atoke kwenye nyumba aliyoijenga kwa kichwa chake. Na kule kwetu sote tunajua vijana wakisema wasilaumiwe wanamaanisha nini.

Siku hiyo hiyo nilimwambia Elia. Alikuwa anapiga viatu kiwi. Nikamweleza yote: daktari, choo, shangazi, diklofenaki, damu, Mama Yeremia, na kwamba mimi mwenyewe nameza kidonge kile kile. Niliongea mpaka sauti ikakauka. Alisikiliza hadi mwisho, ni mtu mwema, unamjua, hakunikatiza hata mara moja. Nilipomaliza akaniuliza, "Kwa hiyo kwenu kuna kifafa?"

Mama, nilitaka kumpiga na kile kiatu.

Nikamwambia hakuna. Na hata kama kingekuwepo, kifafa ni ugonjwa, na mgonjwa wake anastahili dawa kama wewe ulivyoistahili. Akaendelea kupiga kiwi kiatu ambacho kilishang'aa zamani. Baadaye akasema hatanizuia kusema, ila shangazi atakuwepo Jumamosi na yeye atakaa nyuma na wanaume wa kwao. Hakuniacha. Wala hakusimama nami. Ndiyo ndoa niliyokununulia kwa shingo yako.

Jana nikaenda Kibakwe peke yangu. Sikupitia kwa mjomba. Nilimkuta Mama Yeremia barazani kwake anapukuchua maharage, mlango wake umebondwa kwa mawe, ubao mmoja umening'inia. Nikampigia magoti, shikamoo, akaitikia. Nikamwambia nimekuja kumweleza kitu kuhusu kifo chako. Nikaanza: mama alikuwa na dawa. Akaendelea kupukuchua. Nikafika kwenye choo na ndoo ya maji, nikashindwa kuendelea.

Akanimalizia yeye. "Ukazimwaga, ili shangazi ya mume asizione."

Alijua, mama. Alijua tangu mwanzo. Kumbe uliporudi kutoka kwangu ulimwambia yote, milimani, mkiwa mmepumzisha mizigo, halafu ukamwapisha. Alinikariria maneno yako: "Usimwambie mtu yeyote, mwenzangu, Seche asije akaachika." Ndiyo hayo tu. Wakampiga mlango wake mawe, akanyamaza. Wakamwita mchawi mbele ya wajukuu zake, neno moja tu la kweli lingemtoa, akanyamaza. Nilimuuliza kwa nini. Akanitazama kama vile nimeuliza upumbavu, akasema, "Si niliapa?"

Halafu akasema kitu kingine, na hiki nakiandika taratibu. Nilimuuliza kama ulinilaumu. Mwishoni kabisa, ulipokuwa unatapika, kabla gari halijafika. Nilitaka aseme ndiyo. Nilikuwa nimejiandaa kwa ndiyo. Akasema hapana, hukunitaja kwa ubaya. Ulimwuliza kama lile gauni lako la harusi yangu limeingia damu, kwa sababu ulitaka kulivaa siku ya ubatizo wa mjukuu uliyekuwa unamsubiri kwangu.

Ungenilaumu, mama. Ungenitukana hata mara moja, ningekuwa na pa kushika.

Nilimwomba Jumamosi aje akae kwenye mkeka wa ndugu, mbele, karibu na mimi. Akakataa. Nikaomba tena, akasema nisimtafutie kifo cha mapema. Nikamwambia nitamfuata mwenyewe hapo nyumbani kwake asubuhi, nimshike mkono, tutembee wote barabarani watu wakituona, na atakayerusha jiwe aanze na mtoto wa marehemu. Akapukuchua maganda mengine mawili matatu. Halafu akaniuliza avae khanga gani.

Basi pumzika, mama, pale ulipo hakuna gunia. Mimi nimeshaandika nitakachosema ili nisije nikababaika. Mchungaji akimaliza sala, kabla mjomba hajaanza hotuba yake, nitasimama. Sitasema ni shingo, sitasema ni Mungu amependa. Nitasema mbele ya mjomba, mbele ya shangazi, mbele ya Elia huko nyuma alikojificha: mama yangu alikuwa na dawa iliyomsaidia, na aliyemnyang'anya ni mimi, Sechelela, na huyu mama mnayemfukuza alilijua hilo akakubali kuitwa mchawi ili mimi niitwe mke wa mtu. Nakuahidi nitalisema lote, bila kulia katikati. Halafu nitakaa chini karibu na rafiki yako, na atakayeondoa ndoo yake aondoe.

Mwanao,
Seche